Kamio Iliyokosa Hewa

Mwipwa wangu Ilunga,

Jambo sana. Mama yako ni muzima, anauza unga pa Kasulo. Unauliza kwa nini gari yako inakosa nguvu pa mulima hata kisha kubadilisha filta. Sikia mi, fundi kupita bote ba Kolwezi.

Mwaka walipofukuza batu ba Kasai hapa Kolwezi ili barudi kwabo, nilipeleka jirani yetu Tata Mukendi na batoto yake kwenye treni ya mwisho ya kwenda Kasai. Kamio, ile lori yangu, ilizimika kila mulima. Karburateri nilifungua mara tatu.

“Fundi mukubwa,” Tata Mukendi akacheka, “fungua basi kifuniko cha tanki.”

Nilikuwa nimekikaza na plastiki ili vumbi isiingie. Nikafungua, tanki ikavuta hewa fwaaa, esansi, ile petroli, ikashuka mu motere ya kamio. Tukakuta treni ingali inapakia.

Anza na kifuniko. Mutu mumoja tu alishanishinda kujua motere, na ni mi mwenyewe nilimupandisha ile treni.

Tonton wako