Darrell Ndani ya Friza ya Bucha

Shoga, nimetoka buchani kwa Verlyn sasa hivi. Sijui nicheke au nihame Minnesota.

Unalijua lile jaketi nene la manyoya ya bata alilonunua mume wangu Darrell kwa ajili ya kuwinda. Wiki nzima anamwambia baba yangu, "Mzee, hili halipitishi baridi hata kidogo."

Leo kaenda kulijaribu. Kaingia kwenye friza ya Verlyn, kakaa chini katikati ya kulungu wanaoning'inia, walioletwa na wawindaji wakatwe nyama.

Akalala. Shoga, alilala.

Verlyn na macho yake yale yasiyoona vizuri kaona mzoga umeanguka, hauna kibandiko cha jina. Na unajua hapa mnyama bila jina ni kesi. Kambandika cha Baba, ambaye naye alikuwa na kulungu wake mle.

Baba kaja kuchukua nyama yake. Kasoma jina lake kwenye zipu, kamtazama mkwewe anavyokoroma.

"Verlyn, huyu si wangu. Wangu nilishamtoa utumbo."

Eti wake alishamtoa utumbo, shoga.

Darrell kafumbua jicho. "Mzee, mpaka jasho limenitoka."

"Nimeona. Vua."

Kavua.

Baba kalivaa, kafunga zipu mpaka kidevuni. "Jumamosi nakwenda nalo porini. Wewe baki ulale."