Tikiti Nililochagua Mwenyewe

Kitale, Jumamosi

Dada yangu mpenzi Nekesa,

Pokea salamu zangu na za Njoroge wangu. Magoti ya Mama yanaendeleaje? Sisi tu wazima. Miezi mitatu ya ndoa, na bado akikohoa tu langoni moyo wangu unaruka!

Lakini Dada, nina wivu. Usimwambie Mama. Kila Ijumaa Njoroge huleta tikiti maji alilochaguliwa na mwanamke wa sokoni, Wairimu. Hulila akilamba vidole, ati, "Wairimu ana mkono, bana!" Mkono! Na huu wangu unaompikia ugali je?

Basi nikanunua langu, kubwa, la kung'aa. Nyumbani nikaona kama bado bichi, nikalizika kwenye gunia la mahindi wiki nzima liive, kama tunavyofanya ndizi huko kwetu. Jumapili nikalikata mbele ya mama mkwe. Jeupe pe, kama tango! Njoroge akacheka, "Si ungemwuliza Wairimu?" Nililia jikoni.

Jumatatu nikamwendea huyo Wairimu. Kweli ni mrembo, na mwanya anao. Nikamwambia mimi ndiye bibi ya Njoroge, nikamsimulia na lile tikiti langu la guniani.

"Karibu, bibi arusi! Huyo bwanako hajui tikiti, hubeba ninalompa tu. Ati ulilizika? Woi! Tikiti likishatoka shambani haliivi tena."

Akanionyesha: nitafute doa la manjano pale lilipolalia udongo, kikonyo kiwe kikavu, na nikilibeba liwe zito kuliko linavyoonekana. Niliweke sakafuni penye baridi, nioshe ganda kabla ya kutia kisu, na likishakatwa lifunikwe, liliwe siku hiyo hiyo.

Nilimshukuru, lakini sikununua kwake. Ng'o! Nilichagua kwa mzee wa meza ya pili.

Jana Njoroge akaja na la Wairimu. Nikayakata yote mawili, mekundu, kila moja sahani yake. "Lipi tamu?" Akala hapa, akala pale, akanitazama.

"Lako, mpenzi."

Dada, mimi pia nilionja. La Wairimu lilikuwa sukari tupu. Njoroge alinidanganya mchana kweupe, na sijawahi kumpenda hivyo. Hata hivyo nimemwambia, kuanzia sasa sokoni naenda mimi.

Nisalimie Baba na Mama, shemeji mwalimu, na shangazi Nafula aliyenifunda kabla ya harusi. Mwambie tikiti alisahau.

Ni mimi mdogo wako, mke wa mtu,
Naliaka