Dole Gumba kwenye Plasta Mbichi

Jumatatu, tarehe 9 Juni

Mwanangu mpendwa,

Nakusalimu kwa sauti ambayo ungeisikia hukohuko kama isingekuwa hii milima katikati. Natumaini umefika salama, umekula na umelala. Huku hatujambo, mama yako anakusalimu. Afya yangu usiiulize. Daktari aliponipima mara ya mwisho aliita wenzake waje kuona.

Barua hii nampa dereva wa basi la asubuhi, ataiacha kwa mlinzi wa hosteli mliyofikia. Simu yangu ilitumbukia kwenye pipa la chokaa, na hata ingekuwa nzima, mambo yangu hayaenei kwenye simu.

Najua hukutaka kwenda. Mwalimu wenu wa historia alisema safari ni ya lazima, wewe ukasema unaacha chuo, sasa historia ya nini. Tukakubaliana utembee siku hizo chache, kisha uniambie jambo moja tu: unaendelea au unaacha. Sitabishana. Ila baba yako kule hospitali aliniambia, "Huyo amalize." Pumzi haikumtosha kusema lingine. Mimi nimefikisha.

Sasa sikiliza. Mji huo ni wangu. Nikiwa kijana, taa ya mnara wa bandarini ilizimika, nikapanda na kiberiti nikasimama pale juu hadi meli zote zikaingia. Nahodha mmoja alinipa kofia, ikaibwa. Ule mzinga mkubwa mbele ya ngome nimewahi kulala ndani yake, nikajinyoosha na miguu ikabaki na nafasi. Na ngome yenyewe, chumba cha juu chenye dirisha la baharini, plasta yote niliipiga mimi. Baba yako alikuwa ananishikia ndoo.

Usibishe, ushahidi upo. Sisi mafundi wa chokaa hatuandiki majina. Tukimaliza ukuta, mwenye kazi anabonyeza dole gumba kwenye plasta mbichi, chini ya dirisha, pasipoonekana. Ukishabonyeza, ukuta ni wako. Na ukibonyeza kabla ya kumaliza, hushuki hadi uishe, la sivyo mwiko wa kupigia plasta hushiki tena. Kuna mmoja alijisahau akabonyeza asubuhi, chakula chake tukawa tunakipandisha kwa kamba.

Kaangalie. Dole langu ni pana kama kijiko. La baba yako unalijua, lile lililopasuliwa na nyundo likapona na ufa katikati.

Ni mimi Baba yako Mdogo, asiyezeeka.


Jumatano, tarehe 11 Juni

Shikamoo Baba Mdogo,

Mimi mzima. Nimekula. Nalala sana, mwalimu ananigongea mlango. Mama nisalimie, umwambie nguo za joto hazikuhitajika.

Mnara upo, umefungwa. Mlinzi anasema taa yake ni ya umeme tangu enzi za babu yake. Mzinga pia upo. Mkono wangu uliingia, bega likakwama, wenzangu wakacheka. Nami nilicheka, naona nilifungua mdomo kama wao.

Tumetembezwa kwenye vichochoro, kwenye soko la zamani, kwenye nyumba ya makumbusho yenye sahani zilizovunjika. Mtembezaji anaongea vizuri. Naandika anayosema kisha nikisoma naona ni mwandiko wa mtu mwingine. Bahari ni kubwa. Sina la kuongeza.

Ngomeni tumepanda leo. Chumba cha juu kina mafundi, plasta ya zamani imeliwa na chumvi, wanaikwangua yote. Ukuta wa dirisha walikuwa hawajaufikia. Nilipiga magoti nikaangalia chini ya dirisha.

Baba Mdogo, madole ni manne, kama kuta za chumba, na yote yana ufa katikati. Lako nimelitafuta sana. Lipo moja, pana kweli kama kijiko, pembeni karibu na sakafu, pale panapowekwa ndoo.

Niliweka dole langu kwenye la baba. Lilikuwa baridi, kama ukuta. Nilidhani ningelia, nikasubiri. Mtembezaji akaniita.

Lile jambo la kuendelea au kuacha sijui bado.

Mwanao.


Alhamisi, tarehe 12 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, kisha nikakaa, kisha nikasimama tena. Sisi wazima. Mama yako anakula kidogo ila anakula.

Kuhusu dole langu kuwa chini. Kila jengo huanzia chini, hata wewe wa chuo unalijua hilo. Nilianza pale, baba yako akamalizia vile vipande vidogo vya juu. Na ile ndoo usiidharau, nilikuwa nazipandisha mbili kwa mkono mmoja huku nikipiga mluzi, mkuu wa bandari akawa anakuja na kiti chake kutazama.

Huku kazi zipo lakini naona zinakwenda zenyewe. Jana nilikoroga chokaa bila mchanga. Nikakoroga tena, nikasahau maji. Mteja akaniuliza, "Fundi, leo vipi?" Nikamwambia ni mtindo mpya, umetoka ng'ambo. Alikubali. Nawasha redio jioni, inaongea weee, nikizima sijui ilisema nini.

Mwiko wa baba yako bado uko kwenye msumari, alipouacha. Sijaugusa. Siyo kwamba naogopa, mimi niliyemfukuza chui kwa ufagio. Ni kwamba sijapita upande ule.

Waambie hao mafundi wasiguse ukuta wa dirisha. Waambie nimesema mimi.

Kesho mnarudi. Nitakuwa kituoni.

Baba yako Mdogo.


Jumamosi, tarehe 14 Juni

Mwanangu,

Basi la wanafunzi lilifika jana, wakashuka wote, hukushuka. Mwalimu wenu anasema uliomba kubaki, ukapewa kitanda na mke wa fundi mkuu wa ngomeni, na kwamba "hakuna tatizo". Mama yako ameuliza tatizo lisilokuwepo linafananaje.

Kituoni nilikaa hadi wakafagia. Niliwaambia watu nakagua barabara.

Andika, hata neno moja.

Baba Mdogo.


Jumatatu, tarehe 16 Juni

Shikamoo Baba Mdogo,

Mnisamehe wewe na mama kwa kuwanyima usingizi. Mimi mzima. Nakula, mke wa fundi hataki kusikia nimeshiba.

Alhamisi nilirudi ngomeni kabla barua yako haijafika. Lakini hata ningekuwa nayo, isingesaidia. Plasta ilikuwa imeoza, fundi mkuu aliigonga kwa kiungo cha kidole ikajibu kama debe tupu. Aliponiona nimekaa pale akauliza, "Binti, una mtu humu?" Nikamwonyesha. Akavua kofia, akasema, "Huyu alikuwa fundi. Lakini chumvi haichagui." Kisha akapiga patasi.

Madole ya baba yalianguka vipandevipande. Lako pia. Sikulia, nilikuwa naangalia vumbi kwenye viatu vyangu. Nilifikiri nitahitaji kuvipiga brashi.

Mchana wakaanza kupiga tabaka la kwanza palepale chini ya dirisha. Fundi alikwenda kunywa maji. Sijui nilifikiri nini, sidhani kama nilifikiri. Nikabonyeza dole gumba pale lilipokuwa la baba.

Wote wakaacha kazi. Yule fundi akarudi, akatazama, akaniuliza, "Wewe unajua ulichofanya?" Nikasema najua, nimelelewa humo. "Ukuta haujaisha." Nikasema naona. Akanikabidhi mwiko wake. "Basi shuka ukimaliza."

Nikamtumia mwalimu ujumbe wa kuomba ruhusa, mke wa fundi akanipandishia kitanda humohumo. Ijumaa nilipiga plasta, Jumamosi nikapiga, nusu yake ikaanguka, wakanicheka hadi mmoja akakaa chini. Fundi akawa ananishika kiwiko tu, "Usiipapase, isukume." Sauti ilikuwa ya kwake, maneno ya baba. Jana alasiri ulikwisha. Una mawimbi, fundi anasema bahari ipo nje, haikuhitajika na ndani. Lakini umeshika.

Leo asubuhi mikono inaniuma, kikombe nimekishika kwa viganja viwili kama mtoto. Ndicho kitu cha kwanza kuniuma tangu tumzike baba. Nimekaa kitandani nikausikiliza ule uchungu. Sikutaka uishe.

Chuo naendelea, kesho napanda basi la kwenda huko moja kwa moja. Mwambie mama. Likizo fundi ameniambia nirudi, kuna ukuta wa pili.

Mwanao.


Jumatano, tarehe 18 Juni

Mwanangu,

Marahaba, na mama yako anakuitikia pia. Alinisomesha barua yako mara tatu, ya nne akaninyang'anya.

Nimeshawaambia watu. Kwa muuza chai nimesema binti yetu amepiga plasta chumba kizima cha ngome. Kufika kwa kinyozi nikawa nimesema ngome nzima, na mnara. Mtu akauliza, "Peke yake?" Nikamwambia peke yake, mkono mmoja, wa pili umeshika kitabu. Akauliza na wewe ulikuwa wapi. Nikasema nilikuwa nashika ndoo.

Leo nimepita upande ule. Mwiko wa baba yako nimeushusha, nimeufunga kwenye gazeti, dereva atakuletea hapo chuoni. Kwenye mpini kuna chokaa iliyoganda, usiikwangue. Ukishika vizuri utaona imekaa umbo la dole, na lina ufa.

Baba yako Mdogo.