Vikonyo vya Mlimao wa Mwanangu

4 Machi

Mwanangu mpenzi,

U mzima? Kazi hapo kitaluni inakwendaje? Mimi mzima, isipokuwa mgongo, bado hatuelewani.

Mlimao ulionibebeshea, ule uliopachika kijiti chake kwenye shina la mti mwingine kabla hujaondoka, umekuwa gumzo la mtaa. Umezaa mpaka matawi yanainama. Anayepita namsimamisha, ana haraka hana haraka, namwambia huu ni mkono wa mwanangu, mtaalamu wa miche, hauwezi kuumwa huu! Jirani yetu mshonaji akasema, "Dada, hata mvua ikinyesha utasema kaileta mwanao." Nikamjibu, "Kama si yeye ni nani?"

Sasa sikia. Mama yako hana uchoyo. Nimekata vikonyo vya mlimao wako, vile vijiti vyenye macho, nikavibebesha kwenye miti ya majirani wote, kwa kisu kikali na utepe wa nailoni, kama ulivyonifundisha. Vimeshika! Si unajua hapa watu wanaishi kwa kuuza malimau? Watakuombea dua.

Kuna tawi moja tu majani yana mabaka ya njano. Nadhani lina njaa, nimelitilia samadi.

Mama yako


19 Machi

Mama, shikamoo.

Natumaini mgongo umepunguza ukali. Mimi sijambo, ila barua yako imeninyima usingizi.

Tazama jani lenye mabaka. Upande wa kulia na wa kushoto yanafanana? Kama yanafanana, kweli ni njaa. Kama hayafanani, kata limau la tawi hilo uone kama limepinda ndani. Likiwa limepinda, huo ni ugonjwa, Mama, na hauna dawa. Unasafiri kwa vidudu vinavyonyonya majani machanga, na unasafiri kwa vikonyo.

Nakuomba, usimpe mtu kikonyo kingine hata kimoja.

Mwanao


2 Aprili

Mwanangu,

Salama? Unakula? Huku tunashukuru.

Nimetazama. Hayafanani. Limau nalo limepinda kama mdomo wa mtu aliyenuna. Lakini mti uliobebesha wewe utaumwaje? Nimeongeza samadi na maji. Na barua yako imechelewa, wa mtaa wa pili walishakuja na visu vyao. Watu wametembea jua lote lile kwa ajili ya kazi yako, ningewafukuzaje?

Mama yako


15 Aprili

Mama, shikamoo. Pole na mgongo.

Samadi haitasaidia. Kata mlimao wote, uuchome hapohapo ulipoangukia. Uwaombe na waliochukua vikonyo wakate ya kwao. Najua ndiyo riziki yao, lakini wakingoja, hata miti ambayo haijaguswa itakwenda. Waambie nimesema mimi.

Mwanao


30 Juni

Mwanangu,

Hujambo? Nisamehe kwa kimya. Mwili mzima, moyo ndio sina.

Nilizunguka nyumba kwa nyumba. Mshonaji alicheka mpaka akatoa pini mdomoni. "Ulitupigia kelele hakuna mti kama huu. Leo tunao wote, tukate? Dada, huo ni wivu." Nikamwambia mwanangu ndiye kasema. "Yule mtaalamu? Si uliapa mti wake hauwezi kuumwa?" Kila mlango nikajibiwa hivyo, kwa maneno yangu mwenyewe, na sauti yangu wakaiiga. Wa fundi baiskeli umeshaanza mabaka. Anautilia samadi, anasema kajifunza kwangu.

Juzi fundi seremala alikuja na msumeno akauangusha wetu. Nililia, sikufichi. Nikaingia ndani kutafuta mafuta ya taa na kiberiti. Nilipotoka nikakuta rundo limepungua nusu. Uani kumejaa watu, wengine hata siwajui, wametoka mitaa ya mbali, walisikia mti ule unakatwa. Wanachagua vikonyo, wanavifunga kwa vitambaa vibichi visikauke njiani. Nikapiga ukelele, "Acheni jamani, unaumwa huo! Mtaua miti yenu!" Nilimpokonya mmoja tawi, likanichana kiganja, akaokota jingine.

Mama mmoja akanishika bega, kwa upole kabisa. "Pole, mama. Tunajua ulivyoupenda. Usilie, hautapotea. Tutaupanda kila mahali."

Nilichoma walichobakiza.

Wote wanakusalimu, mwanangu. Wanakushukuru sana.

Mama yako