Picha ya Baba Mdogo Iliyokataa Kufunguka

Jumatano, mtaa wa Mususa, Butembo. Mvua nyembamba tangu alfajiri.

Leo tumemzika Baba Mdogo Muhindo. Juzi watu wasiojulikana walimkata kwa mapanga ndani ya shamba lake la kakao, upande wa Beni. Sanduku lilifika Butembo limeshapigiliwa misumari, kwa sababu uso haukuwa uso tena. Mama alitaka kitu kimoja tu: picha iwekwe juu ya sanduku, watoto wa marehemu wamuage wakimwona.

Picha ilikuwa kwenye flashi, ya siku ya ubatizo, amesimama katikati ya watu kumi akicheka. Kaka yangu mkubwa Kasereka, ambaye namwita Yaya, ana kiduka cha kuchapisha picha. Kompyuta yake inatumia Linux tangu virusi vya flashi za wateja vilipoiharibu Windows. Kwenye orodha ya mafaili tulimwona Baba Mdogo, mdogo kama kucha. Lakini programu ya kukata na kukuza picha ilikataa kuifungua. *Permission non accordée*, yaani ruhusa haikutolewa.

Yaya akajaribu mara ya pili, mara ya tano. Kisha akapiga ukuta ngumi mpaka damu ikatoka.

"Hata mashini inamukataa!" Akavuta panga chini ya meza. "Naanza na hii, kisha naenda Beni."

"Yaya, hapana! Beni unaenda kukata nani? Unabajua bale bauaji?"

"Nitabajua kule."

Panga likashuka kwenye kona ya meza. Vipande vya mbao vikanirukia usoni.

Mimi nilijua kwa nini picha haifunguki.

Mwezi uliopita, ni mimi niliyeifungia ile programu, ambayo Yaya huigusa mara chache tu. Mwalimu wetu wa informatique, somo la kompyuta, alitufundisha kwamba programu za aina hiyo zinaishi kama ndani ya chumba, na mwenye kompyuta ndiye anayeamua zione folda zipi. Nikataka kumkinga Yaya na virusi, nikaiondolea ruhusa ya kusoma flashi. Sikumwambia. Nilingoja aone kompyuta haiugui tena, ndipo nijisifu.

Mbele ya lile panga sikuthubutu kukiri. Nilisema tu, "Yaya, niachie kiti kidogo." Nikaingia kwenye mipangilio, nikarudisha ruhusa, vidole vikiteleza kwa jasho. Picha ikajaa skrini. Meno ya Baba Mdogo, kovu la kidevuni, vyote vizima.

Yaya alilia mpaka akakaa chini.

Makaburini alibeba fremu kwa mikono miwili, hata ule uliovimba. Panga lilibaki kidukani. Shangazi akawaambia watu, "Huyu mutoto iko na akili, ni yeye alifungua picha." Nikatazama viatu vyangu.

Tuliporudi, Yaya alitaja Beni tena. Alipolala, nililitoa panga kidukani nikalificha.

Kesho, kabla hajafungua kiduka, nitamwambia kwamba ni mimi niliyefunga. Anipige akitaka.

Akiuliza panga liko wapi, hilo sitamwambia.