Jina Lako Kwenye Kisima Ulichokikataa

Mwalimu wangu,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa na hasira, na wewe ndiye ungenielewa.

Kile kisima cha bondeni, karibu na Mtowisa, ambacho ulikataa kukipitisha, ofisi yetu imekizindua. Wamekipaka rangi ya buluu na kuandika jina lako kubwa kwenye saruji, na uprofesa wako juu. Eti kukuenzi! Watu wakapiga makofi. Mimi nilisimama nyuma nimefura.

Na sampuli ya maji walichukua lini? Mwezi wa nane. Mwezi wa nane, Mwalimu! Barabara kavu, gari linateremka vizuri, mchana wamesharudi Sumbawanga kula. Wewe ulikuwa unatufokea: "Msiniletee maji ya kiangazi. Nileteeni ya siku ile gari linakwama." Nakumbuka tulivyokwama. Ulivua viatu, ukajitwika lile boksi la barafu la sampuli, wafugaji wakacheka mpaka basi, kisha wakaja kusukuma. Mvua ilikuwa inasomba samadi ya mazizi moja kwa moja hadi kisimani. Tuliiona kwa macho, na maabara ikasema hivyo hivyo.

Binti wa wakulima wa ulezi wa Kaengesa, ulisomea uhandisi wa mazingira huku wenzako wakikuita fundi vyoo. Ukapata uprofesa, na bado kila masika ulirudi kukanyaga tope. Halafu wanakutumia hivi! Inaniuma.

Mama Kulwa, yule Msukuma aliyekuwa akitupikia wali, ameacha kuchemsha maji. Nilimuuliza kwa nini. Akanishangaa: "Si Profesa wetu ameyapitisha? Jina lake si lile pale?" Nikamweleza kwamba ulikikataa, akaniangalia kana kwamba ninakusengenya.

Nilimfuata bosi wetu ofisini. Nikamwambia kisima kipimwe upya mvua zikianza, la sivyo jina lako litolewe. Akanijibu nimwache marehemu apumzike. Upumzike vipi, Mwalimu, wakati watoto wanapewa maji machafu kwa dhamana yako?

Nimekukumbuka mno wiki hii. Hakuna wa kunituliza, na sitaki kutulizwa.

Mvua imenyesha tangu jana. Kesho nateremka bondeni na chupa za sampuli na kopo la rangi. Wakinifukuza kazi, basi. Jina lako nitalifuta kwa mkono wangu mwenyewe, Mama Kulwa akiniona.

Lala salama, Mwalimu. Hakuna mtoto atakayeugua kwa sababu mama yake alikuamini.

Mwanafunzi wako,
Kristina