Kivuta Moshi cha Joyceline

Jumatatu, 16 Juni 2025

Kivuta moshi cha jikoni hakizunguki. Nimebonyeza swichi — taa yake inawaka, feni inaguna tu. Upepo hakuna. Nimezima, nimewasha, nimeweka namba mbili, namba tatu. Mguno uleule. Halafu kaharufu ka kuungua, nikazima haraka.

Ee Mungu, kwa nini sasa! Rafiki yangu Joyceline anakuja Jumamosi kutoka Dar. Nyumba ni yake. Katuachia bure hapa Masuguru ili mama yangu, Yeyo wangu, awe karibu na hospitali na kidonda chake cha mguu kisafishwe. Alisema neno moja tu: gesi peke yake, mkaa na kuni visiingie ndani. Jiko la mama yake liliungua walipokuwa wakikaa kambi ya mkonge, yeye akiwa mdogo, na hajasahau. Ndiyo maana hicho kidude alikipachika juu ya jiko kabla hata hajanunua kochi.

Nami nimekiharibu. Lakini nimekifanya nini? Wali na maharage tu ndivyo ninavyopika!

Yeyo nimemkuta uani na kibuyu chake cha maziwa, kakiinamisha juu ya wavu fulani wa chuma kikauke juani. Ameniuliza kile kitu cha jikoni kitapona lini. Hata yeye kimemuuma.

Jumanne, 17 Juni

Yeyo hajanywa maziwa. Asubuhi hakugusa, jioni hakugusa. Anasema hayana ladha. Tumerudi kulekule? Tulipohamia hapa kutoka Handeni alikataa kila kitu, maziwa ya paketi, maziwa ya jagi, uji, akakonda mpaka bangili zikawa zinamdondoka. Mwezi huu ndiyo alianza kunywa vizuri, kibuyu kizima, na kidonda kikaanza kufunga. Nesi anasema bila kula kidonda hakiponi. Wataukata mguu? Sikuuliza. Sitaki kujua.

Nimempigia Hiza, fundi feni. Yuko msibani Kabuku, atarudi wiki ijayo. Wiki ijayo! Anasema ikiguna ujue umeme unafika. Nizime swichi kubwa, nizungushe kwa mkono. Ikizunguka kwa wepesi, basi kapasita imekufa. Ikigoma, kuna kitu kimeing'ang'ania. Na nisiiwashe kabla sijajua, mota itaungua.

Nimezima swichi kubwa. Nikapanda stuli. Nikakumbuka kwamba umeme unaua. Nikashuka, nikawasha swichi kubwa, nikaenda zangu kulala.

Alhamisi, 19 Juni

Leo dukani, ninakouza dawa za mifugo, nimempa mzee Loishiye dawa ya minyoo badala ya dawa ya kupe. Kairudisha mwenyewe, anacheka. Binti yangu, kupe wanakaa nje ya ng'ombe! Nikacheka naye, huku machozi yako karibu.

Yeyo kanywa chai ya rangi tu. Kwenye mzani kapungua. Nesi kaniangalia mimi, si yeye.

Joyceline katuma ujumbe: ana hamu ya kukaanga samaki jikoni kwake. Nimemrushia makopa mekundu. Mnafiki mimi.

Ijumaa, 20 Juni

Nimefungua! Swichi kubwa chini, mimi juu ya stuli, simu mdomoni inamulika. Nikatia mkono — haisogei. Basi kapasita haina kosa. Na ule wavu wa kuzuia mafuta haupo kabisa! Sijawahi hata kutazama juu. Ndani masizi matupu, mafuta yameganda, na kwenye mhimili wa feni — nywele. Ndefu, ngumu, zimejiviringisha zikakaza. Nimezikata kwa wembe. Nikanusa.

Oloirien. Ule mti wetu wa kufukizia vibuyu ili maziwa yanukie. Na nywele ni za mkia wa ng'ombe, za ile brashi ya kusugulia kibuyu, feni imezivuta juu. Nikashuka, nikakaa sakafuni.

Yeyo! Nikiwa dukani anawasha kijiti kwenye gesi, kikishika moto anakisokomeza kibuyuni, hapahapa chini ya mafuta yale! Siku moja nyumba ya watu ingewaka yote. Na wavu wa Joyceline ndio ule wa uani.

Nimemuuliza. Hakukana. Anasema moshi haukai ndani, kile kitu kinaunywa wote, rafiki yako ana kitu kizuri. Kilipoumwa akaacha kufukiza, asije akaichafua nyumba. Na maziwa ya kibuyu kisichofukizwa hayawezi, yanamrudi.

Kumbe! Nahangaika na feni huku, namhangaikia yeye kule, kumbe ni jambo moja.

Nimesugua kwa maji ya moto na sabuni mpaka vidole vimechubuka. Wavu nimeurudisha. Nimewasha — inazunguka! Yeyo akapiga makofi. Nikamwomba: Yeyo, kesho tu, usiwashe kijiti mpaka mwenye nyumba aondoke. Akanishangaa. Na huyo mwenye nyumba akija, anywe nini?

Jumamosi, 21 Juni

Nilikwenda sokoni kununua samaki. Narudi, viatu vya Joyceline mlangoni. Kawahi! Na feni inasikika mpaka barazani.

Wamekaa sebuleni, hawajaelewana neno zaidi ya shikamoo na marahaba. Joyceline kamaliza kikombe. Yeyo anamwongeza, na yeye mwenyewe anakunywa — anakunywa! Nusura nilie. Joyceline akanigeukia: Nemayian, haya maziwa mnayafanyaje mpaka yananukia hivi? Muulize mama anifundishe. Yeyo akanitazama, anangoja nitafsiri.

Nikasema ngoja nibandike chai. Nimekimbilia huku jikoni, naandika juu ya friji. Feni nimeizima, kelele zake zinanichanganya. Nikisema kweli, Joyceline atalikumbuka jiko la mama yake, na sisi tutarudi Handeni na kidonda kibichi. Nikidanganya, Yeyo atajua. Kiswahili hakijui, lakini mimi ananijua.

Kachoka kuningoja. Nasikia fimbo yake inakuja koridoni, na Joyceline nyuma yake anacheka, anauliza: mama, tunakwenda wapi? Hao mlangoni. Yeyo kashika kijiti —

Nimewasha feni.